Kizazi ni Amana: Mabinti Wetu na Upasuaji wa Saratani ya Ovari

(Matini ya mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wa madrasa, wazazi na walezi, baada ya Swala ya Adhuhuri)

 

 

Mada hii nimeiomba mwenyewe. Kamati ya mihadhara ilikuwa imenipangia nizungumzie adabu za mwenye kutafuta elimu, nami nikawaomba waiahirishe. Najua baadhi yenu mlipoliona tangazo pale mlangoni mlijiuliza: ustadhi wa nahau na fiqhi ana nini na saratani ya ovari? Jibu langu ni kwamba ninalo deni, na deni lenyewe halilipwi ila hadharani, kwa sababu kosa nililolifanya lilikuwa la hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa ambayo sitaitaja, palikuwa na mwanafunzi wa kike wa miaka 17, wa bweni, aliyekwishahifadhi juzuu 14. Tumbo lake likaanza kukua. Mlezi wa bweni akamnunulia kipimo cha mkojo katika duka la dawa, nacho kikaonesha mimba. Binti akaapa kwa Allah kwamba hajaguswa na mwanamume. Uongozi ulikaa kikao kisichozidi nusu saa. Barua ya kumrejesha kwao niliiandika mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa nikisifiwa kwa hati nzuri.

Nyumbani hakupokewa kwa wema. Shangazi yake ndiye aliyempeleka hospitali, tena si kwa kumwamini, bali kwa kuwa maumivu yalimliza usiku kucha. Altrasaundi haikuona mtoto. Iliona uvimbe mkubwa uliotoka katika ovari ya kulia. Baadhi ya saratani zinazowapata wasichana hutoa homoni ile ile ambayo mwili wa mjamzito huitoa, na ambayo ndiyo kipimo cha mkojo huitafuta. Kipimo hakikusema uongo kuhusu homoni. Waliosema uongo kuhusu binti ni sisi.

Kwa mwenye kutaka hukumu ya jambo hili, wanavyuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, hawakuifanya mimba peke yake kuwa ushahidi wa zinaa. Imam Malik ndiye aliyeizingatia kwa asiye na mume. Sasa ikiwa mimba ya kweli haitoshi, ni nini thamani ya kijiti cha dukani? Surat An-Nur tunaisomesha kila mwaka, na kisa cha kuzuliwa Mama wa Waumini Aisha (R.A.) tunakifasiri kwa machozi. Yatosha hapa. Binti mwenyewe amenipa idhini nikisimulie kisa chake bila ya jina lake, na sharti alilonipa ni kwamba nisiishie kwenye kashfa, bali nieleze yaliyofuata, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoona watu hawayajui.

Yaliyofuata ni haya. Familia iliposikia neno saratani, ikasikia ndani yake neno jingine: kutolewa kizazi. Angalieni jinsi lugha yetu ilivyolifunga jambo hili. Kwetu kizazi ni mji wa mimba, na kizazi ni watoto na wajukuu. Mtu akiambiwa kwamba kizazi kitatolewa, husikia kwamba ukoo unakatwa. Baba yake akasema hatatia saini. Ni bora mwanawe aondoke duniani akiwa mzima. Siku zikapita. Shangazi akanijia, mimi niliyeandika ile barua, akaniuliza: sheria inasema nini?

Nilijibu papo hapo, na kwa kujiamini kwa mtu aliyetoka chuoni Khartoum na shahada mkononi. Nikamwambia kwamba Imam Al-Ghazali katika Al-Mustasfa ameyapanga mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, nasaba na mali; na nafsi imetangulia mbele ya nasaba. Basi watoe vyote, binti abaki hai. Shangazi akaenda zake akilia.

Ndugu zangu, kanuni niliyoitaja ni sahihi. Fat-wa niliyoitoa ilikuwa mbovu. Wanafunzi wa usuli wanajua kwamba huwezi kufanya tarjihi, kulitanguliza jambo hili juu ya lile, mpaka kwanza uthibitishe kwamba mambo hayo mawili yamegongana kweli. Mimi sikuuthibitisha mgongano wowote. Niliudhania, kama vile baba yake alivyoudhania. Yeye akachagua kizazi, mimi nikachagua uhai, na sote wawili hatukuuliza kama kulikuwa na haja ya kuchagua. Ulamaa wameliita jambo hili tahqiqul-manaat, kuhakikisha hali halisi kabla ya kuiteremshia hukumu. Na hali halisi ya tumbo la mgonjwa anaijua daktari.

Hatimaye tukakubaliana twende sote, baba, shangazi na mimi. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake alitusikiliza kwa subira, halafu akatuuliza swali moja: "Nani aliyewaambia kwamba nitatoa kizazi?"

Nieleze sasa kwa kadiri nilivyofahamishwa siku ile na nilivyojifunza baadaye.

Mwanamke ana ovari mbili, yaani vifuko vya mayai, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Waarabu huita mabyadh, kutokana na neno baydh, mayai. Kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa lozi, na ndicho kinachotoa yai na homoni zinazoleta hedhi na kuimarisha mifupa. Mmoja wake akitolewa, uliobaki hufanya kazi ya miwili: hedhi huja, yai hutoka, mimba hushika.

Saratani ya ovari si moja. Mwaka 2022 walikadiriwa duniani wanawake zaidi ya 320,000 waliogunduliwa nayo, na zaidi ya 200,000 walifariki kwayo. Wengi wao ni watu wazima waliokwisha kukoma hedhi, na saratani yao huanzia katika tabaka la juu linaloizunguka ovari au katika mirija ya karibu yake. Ugonjwa huo huenea tumboni kimyakimya, na mara nyingi hugunduliwa ukiwa umekwisha kusambaa. Wasichana wa miaka kumi na kitu hadi ishirini na kitu mara nyingi hupatwa na aina nyingine kabisa, inayoanzia katika chembe zile ambazo asili yake ni kuwa mayai. Aina hii hukua haraka, kwa wiki na miezi, na kwa haraka hiyo hiyo huleta maumivu na kulijaza tumbo. Kwa wengi hukaa upande mmoja tu. Na Allah (S.W.) ameijaalia udhaifu: dawa za saratani huiyeyusha kuliko zinavyoweza kuziyeyusha saratani nyingi nyingine.

Hapo ndipo penye siri ya swali la daktari. Zamani wasichana wengi wenye aina kali za saratani hii walifariki muda mfupi baada ya kugunduliwa, hata pale walipotolewa kila kitu. Baadaye ikapatikana dawa iitwayo sisiplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, ikatumiwa pamoja na dawa nyingine mbili, etoposidi na bleomisini. Madaktari wakaona kwamba chembe ambazo kisu kinaziacha, dawa inazimaliza. Basi ikabainika kwamba kuukata mji wa mimba ulio salama na ovari ya pili iliyo salama hakumwongezei msichana huyu uhai. Leo wagonjwa wa aina hii wanaogunduliwa mapema, zaidi ya tisa katika kila kumi hupona. Na hata ugonjwa ukiwa umetoka nje ya ovari, bado kwa aina hii inawezekana kuuacha mji wa mimba na ovari nzima, dawa ikafanya kazi yake.

Upasuaji wenyewe huwa hivi. Tumbo hufunguliwa kwa mkato mrefu wa kutosha ili uvimbe utoke mzima bila kupasuka, kwa kuwa ukipasuka humwaga chembe zake tumboni na hatua ya ugonjwa hupanda. Daktari huchukua maji ya tumboni yakapimwe. Huitoa ovari yenye ugonjwa pamoja na mrija wake. Halafu hukagua: ovari ya pili, mji wa mimba, uso wa ini, utumbo, utandu wa mafuta unaoufunika utumbo, na tezi. Kila panapotia shaka huchukua kinyama. Ovari iliyo salama kwa macho haichokonoi ovyo, maana kovu lake nalo linaweza kuzuia mimba. Kisha hufunga, na vinyama hupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo mabinti wengi wanapopotezewa haki yao. Majibu ya patholojia katika hospitali zetu hayaji siku ile ile. Huchukua siku, na pengine wiki. Zipo hospitali kubwa duniani zenye uwezo wa kugandisha kipande na kukisoma mgonjwa akiwa bado mezani, lakini hata majibu hayo ya haraka huweza kukosea. Basi daktari mwangalifu, akiwa na msichana mdogo mbele yake na hana hakika na aina ya ugonjwa, hutoa kilicho na ugonjwa peke yake, hufunga, na kusubiri karatasi. Ikidhihiri kwamba ni aina inayohitaji zaidi, humrudisha chumba cha upasuaji. Tumbo lililofungwa hufunguliwa tena, ila kilichokatwa hakirudishwi.

Ninamjua dada mwingine, wa miaka 24, aliyejua kutoka kwenye karatasi ya kuruhusiwa kwamba ovari zote mbili na mji wa mimba vimeondolewa. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kabla wala baada. Huenda ilikuwa lazima, huenda haikuwa. Hadi leo hajui, na kutojua huko kunamuumiza kuliko kidonda.

Sasa turudi katika hukumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha azimio namba 39 kwamba ni haramu kuondoa uwezo wa kuzaa wa mwanamume au mwanamke, ila pale inapoilazimisha dharura kwa vigezo vya kisheria. Na wanafunzi wanafahamu kwamba kilichohalalishwa kwa dharura hakivuki mpaka wa dharura hiyo. Ikiwa ovari moja ndiyo yenye ugonjwa, na wenye ujuzi wanasema kuiacha ya pili hakumhatarishi, basi dharura imekomea kwenye ile moja. Na ikiwa wenye ujuzi wanasema ugonjwa umefika pote, basi dharura imefika pote, na hapo ndipo maneno ya Al-Ghazali yanapokuja mahali pake.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani nimesema kila mwanamke anaweza kubakishiwa. Saratani ile ya watu wazima, ikiwa imesambaa tumboni, haina mlango huu. Kuiacha ovari au mji wa mimba ni kuuacha ugonjwa. Ikiwa imeshikwa mapema mno, iko ndani ya ovari moja na si ya aina kali, mwanamke kijana anaweza kubakishiwa kwa makubaliano ya ufuatiliaji wa karibu. Iko na aina ya mpakani, si saratani kamili wala si uvimbe salama. Hii nayo huruhusu kubakisha, ingawa huweza kurejea katika ovari iliyobaki na kuhitaji upasuaji mwingine. Na pale ambapo ovari zote mbili zina ugonjwa, wakati mwingine mji wa mimba huachwa, au sehemu nzima ya ovari moja. Kila moja ya hali hizi ina hesabu yake, na mwenye kuhesabu ni daktari mwenye karatasi ya patholojia mkononi, si mimi na si jirani.

Wala baba asisubiri. Ile siku yetu ya kubishana juu ya saini, uvimbe haukuwa ukisubiri. Aina inayokua haraka inaweza ndani ya wiki chache kumtoa binti kwenye hali ya kukatwa tu na kufuatiliwa, ikampeleka kwenye hali ya kuhitaji mizunguko kadhaa ya dawa. Kumsomea ruqya ya kisheria ni jambo jema, na isomwe hata kitandani hospitali. Ila anayemsomea miezi mitatu huku tumbo linapanda, na kumwambia kwamba ni jini mahaba, huyo amemdhulumu. Wa waganga na hirizi zao sina haja ya kuwataja katika majlisi hii.

Kuhusu saini. Baraza hilo hilo mwaka 1992, katika azimio namba 67 juu ya matibabu, liliweka wazi kwamba idhini ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa amekamilika kisheria, mwenye akili na baleghe. Mume na baba hushauriwa kwa heshima, lakini mwili ni amana yake. Akiwa mdogo au hana uwezo, walii hutia saini kwa maslahi yake tu. Na walii anapokataa huku madhara kwa anayemsimamia yako wazi, kukataa kwake hakuzingatiwi, na haki huhamia kwa walii mwingine, kisha kwa mwenye mamlaka. Nilipomsomea baba yake maneno haya, alinyamaza muda mrefu. Kisha akamgeukia bintiye, akamuuliza yeye anataka nini. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwake tangu alipotoka madrasani.

Akina mama wameniletea swali juu ya ubikira na uchunguzi. Altrasaundi hupimwa juu ya tumbo, na upasuaji hupita tumboni. Binti asiyeolewa ana haki ya kuomba asichunguzwe kwa ndani, na daktari mwema humwelewa. Na juu ya daktari mwanamume, azimio la mwaka 1993 lililopitishwa Brunei limepanga utaratibu: daktari mwanamke Mwislamu, akikosekana mwanamke asiye Mwislamu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu, na asitazame ila kiasi kinachohitajika, tena mahrimu au mwanamke mwaminifu akiwepo. Kukosekana kwa daktari mwanamke si udhuru wa kumwacha binti afe.

Wapo pia wanaouliza kuhusu kuhifadhi mayai kwa kugandishwa. Kwetu ni jambo la wachache, kwa gharama zake. Kwa ufupi, azimio la Amman la mwaka 1986 limefungua mlango wa yai la mke na mbegu za mumewe, zirudishwe katika mji wa mimba wa mke huyo huyo, wakiwa ndani ya ndoa. Likafunga mlango wa mtu wa tatu, awe mwenye yai au mwenye kubeba. Kupandikizwa ovari ya mwanamke mwingine kulikatazwa mwaka 1990, kwa kuwa ovari huendelea kubeba sifa za urithi za mwenyewe.

Limebaki jambo la ndoa. Wachumba wakisikia kwamba binti amefanyiwa upasuaji wa ovari, hukimbia, na wenye ndimi humwita nusu mwanamke. Hilo ni kosa la elimu kabla halijawa kosa la adabu. Mwenye ovari moja si tasa. Dawa huweza kuisimamisha hedhi kwa muda, na kwa wengi hurejea. Madaktari humtaka asubiri kipindi fulani kabla ya kubeba mimba, na ahudhurie vipimo, hasa miaka miwili ya mwanzo, kwa kuwa aina hii ikirejea hurejea mara nyingi katika muda huo. Mchumba aliyekusudia kweli aambiwe ukweli faraghani. Imepokewa kwamba Umar (R.A.) alimwamuru mwanamume aliyejijua kuwa hazai amweleze mkewe na ampe hiari, basi ukweli ni haki ya pande zote mbili. Lakini kumweleza mchumba si kumtangazia mtaa. Na hata aliyetolewa vyote, mbona tunasahau kwamba Mama wa Waumini Aisha (R.A.) hakuzaa, na nusu ya fiqhi ya nyumbani tumeipokea kwake?

Mnapomwona binti ambaye tumbo linakua, au analalamika maumivu upande mmoja wa chini, au anashiba kwa matonge mawili, mpelekeni kwanza akapigwe altrasaundi. Pakionekana uvimbe wenye shaka, ombeni rufaa mapema kwenye hospitali yenye bingwa. Kwa upande wa Tanzania, Muhimbili, Bugando na KCMC, na Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa dawa, ndiko wengi wanakopelekwa. Na kabla ya saini ulizeni kwa sauti: ni upande mmoja au yote miwili? Utatoa nini, na utaacha nini? Damu imepimwa alama za uvimbe? Usipokuwa na hakika mezani, utasubiri majibu ya patholojia?

Binti yetu alitolewa ovari ya kulia na mrija wake. Akapata mizunguko mitatu ya dawa. Nywele zikaanguka zikaota. Baada ya miezi hedhi ikarejea. Madrasani kwetu hakurudi, na simlaumu. Juzuu 16 zilizobaki alizimaliza kwingine, na sasa anawafundisha watoto wadogo.

Barua yangu ya kwanza nimeiandikia barua ya pili inayoibatilisha. Wajumbe wote wa kile kikao waliohai wametia saini, na nakala yake imebandikwa pale mlangoni, chini ya tangazo la mhadhara huu, kama alivyotaka mwenyewe, bila jina. Tuna robo saa kabla ya adhana ya Alasiri. Akina dada upande wa pazia waanze kuuliza.